Charles Goodyear

Charles Goodyear (New Haven, Connecticut, 29 Desemba 1800 – New York, 1 Julai 1860) alikuwa mvumbuzi wa Marekani anayejulikana hasa kwa kugundua njia ya kuupika mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke kwa joto wala kukakamaa kwa baridi. Njia hiyo huitwa vulkanizesheni. Ndiyo inayowezesha kutengeneza matairi ya magari, baiskeli na ndege, soli za viatu, mikanda ya mashine, mabomba ya maji na vitu vingine vingi vya mpira.

Goodyear hakuwa mwanakemia. Alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya chuma aliyefilisika, akafungwa mara kadhaa kwa sababu ya madeni, na akafa akiwa bado anadaiwa. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa miaka 38 baada ya kifo chake na watu ambao hawakuwa wa ukoo wake.

Maisha ya awali

Charles alikuwa mtoto wa kwanza wa Amasa Goodyear na mkewe Cynthia Bateman. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na fundi aliyetengeneza vifungo na zana za kilimo karibu na Naugatuck, Connecticut. Alipokuwa kijana Charles alipelekwa Philadelphia kujifunza biashara ya vifaa vya chuma. Alirudi nyumbani akiwa na umri wa miaka 21 hivi, akashirikiana na baba yake.

Tarehe 24 Agosti 1824 alimwoa Clarissa Beecher. Miaka 2 baadaye familia ilihamia Philadelphia, ambako Goodyear alifungua duka. Biashara ilienda vizuri kwa muda, lakini aliuza kwa mkopo kwa watu wengi walioshindwa kulipa, na kufikia mwaka 1830 duka lilikuwa limefilisika. Wakati huo sheria za Marekani ziliruhusu mdeni afungwe, naye aliingia gerezani. Angeweza kutangaza rasmi kwamba amefilisika ili aanze upya, lakini alikataa kwa kuwa alitaka kuwalipa wote waliomdai. Madeni ya duka lile yalimfuata kwa miaka mingi.

Mpira kabla ya Goodyear

Wenyeji wa Amerika ya Kati na Kusini walijua kutumia utomvu wa miti ya mpira maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika. Walitengeneza mipira ya kuchezea, viatu na vyombo, na huko Meksiko walichanganya utomvu huo na maji ya mmea mmoja unaotambaa ili uwe imara zaidi. Mwaka 1736 mtaalamu Mfaransa Charles Marie de La Condamine alipeleka vipande vya mpira Ulaya. Kwa miaka mingi Waingereza waliutumia hasa kufutia maandishi ya penseli. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow aliweka tabaka la mpira kati ya vipande viwili vya kitambaa na kupata makoti yasiyopenya maji.

Kuanzia mwaka 1830 hivi watu wa Marekani walivutiwa sana na bidhaa za mpira, na viwanda vilifunguliwa kwa haraka. Kisha walioziuza waligundua tabia ya mpira mbichi. Wakati wa kiangazi viatu na makoti yalilainika, yakanata na kunuka. Wakati wa baridi yalikuwa magumu kama ubao. Wateja walirudisha bidhaa madukani na viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine.

Hapo ndipo Goodyear alipoingia. Mwaka 1834 alipita kwenye duka la Roxbury India Rubber Company huko New York, akaona kifaa cha mpira kinachojazwa hewa ili kumwokoa mtu asizame majini. Aliona vali yake haifai, akaenda kutengeneza iliyo bora na kurudi nayo ili aiuze. Msimamizi wa duka aliisifu vali, lakini akamweleza kwamba kampuni haikuwa na haja nayo: bidhaa za maelfu ya dola zilikuwa zimerudishwa zikiwa zimeyeyuka. Aliyehitajika ni mtu wa kurekebisha mpira wenyewe.

Miaka ya majaribio

Goodyear aliporudi Philadelphia alikamatwa tena kwa madeni. Majaribio yake ya kwanza aliyafanya gerezani, akikanda mpira mbichi kwa mikono na kwa mti wa kusukumia chapati wa mkewe. Mpira ulikuwa rahisi kupata, kwa kuwa haukuwa na soko tena.

Kwa kuwa mpira ulinata, aliwaza kwamba unga mkavu ungeondoa unyevu wake. Alijaribu magnesia, kisha chokaa, kisha unga wa aina nyingine nyingi. Jikoni mwao, yeye, mkewe na watoto walitengeneza mamia ya jozi za viatu. Viatu hivyo vilionekana vizuri wakati wa baridi, na joto lilipokuja vilirudi kuwa uji. Majirani walilalamikia harufu, naye akahamia New York.

Huko aligundua kwamba asidi ya nitriki iliondoa hali ya kunata juu ya mpira. Ilikuwa hatua ya kweli, ingawa ilifanya kazi juu ya uso tu na ndani mpira ulibaki mbichi. Mvuke wa kemikali katika chumba kidogo ulikaribia kumuua, na aliugua kwa wiki kadhaa. Alipata mfadhili, akaanza kutengeneza nguo na vitambaa vya meza, lakini msukosuko wa uchumi wa mwaka 1837 ulimfilisi mfadhili huyo. Familia ikaishi kwa muda katika kiwanda kitupu kwenye kisiwa cha Staten Island, ikila samaki waliovuliwa karibu. Goodyear alizoea kuvaa koti, kofia na viatu vya mpira ili kutangaza kazi yake, hata watu wakamtania kwamba anatambulika kwa mavazi ya mpira na kwa pochi ya mpira isiyo na senti.

Mwaka huohuo alihamia Massachusetts, ambako kampuni ya Roxbury ilimruhusu kutumia mashine zake. Katika mji wa Woburn alikutana na Nathaniel Hayward, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda cha mpira na ambaye alikuwa amegundua kwamba unga wa salfa ukipakwa juu ya mpira na kuanikwa juani huondoa unataji. Goodyear alinunua haki ya ugunduzi huo, na hataza yake ilitolewa Februari 1839.

Mifuko ya posta

Akiwa na njia ya asidi na ya salfa, Goodyear aliamini kwamba tatizo limekwisha. Serikali ya Marekani ilimpa kazi ya kutengeneza mifuko 150 ya posta, naye akaitangaza sana ili wote wajue kwamba mpira sasa unaaminika. Mifuko ilipokamilika aliitundika kwenye chumba chenye joto, akasafiri na familia yake. Aliporudi baada ya wiki chache alikuta mifuko inachuruzika, na mishikio imekatika kwa uzito wake yenyewe.

Hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote zilizotangulia. Fedha alishazikosa mara nyingi, lakini safari hii alikuwa ametoa ahadi hadharani kwa serikali kuhusu kitu ambacho hakikustahimili hata mwezi mmoja. Marafiki walioendelea kumwamini walimwacha. Wengi walimshauri arudi kwenye biashara ya chuma, na kwa kweli ushauri huo haukuwa mbaya kwa mtu mwenye watoto wenye njaa.

Jiko la Woburn

Katika majira ya baridi ya mwaka 1839 kipande cha mpira uliochanganywa na salfa kiligusa jiko lenye moto mkali huko Woburn. Kuna masimulizi kadhaa kuhusu jinsi kilivyofika pale, na mengine yamepambwa. Yeye mwenyewe alikubali kwamba tukio halikutarajiwa, ila alisisitiza kwamba lilikuwa na maana kwa mtu aliyekuwa akilitafuta tu. Alichokiona ni kwamba mpira haukuyeyuka. Uliungua kama ngozi, na pembeni mwa sehemu iliyoungua palikuwa na ukanda mwembamba ambao haukuungua wala kunata. Alikipigilia kipande hicho nje ya nyumba kwenye baridi kali usiku kucha. Asubuhi kilikuwa bado kinakunjika.

Kila mtu aliyeshughulika na mpira alijua kwamba joto ni adui yake. Goodyear alitambua kwamba joto kali zaidi, pamoja na salfa, ndiyo dawa, mradi lisimamishwe mahali sahihi. Kupata mahali hapo kulimchukua miaka mingine kadhaa. Alijaribu kwa majiko ya mkewe, kwa matanuri ya mafundi wa matofali waliomruhusu kwa saa chache, na kwa mvuke wa birika. Mwishowe aliona kwamba mvuke wenye shinikizo, wa nyuzijoto 132 hivi za selsiasi kwa saa 4 hadi 6, ulitoa mpira unaofanana kila mara.

Miaka hiyo ilikuwa migumu kuliko yote. Familia iliuza fanicha na hata vitabu vya shule vya watoto. Kati ya watoto 12 aliozaa na Clarissa, 6 walikufa wakiwa wadogo. Shemeji yake William De Forest, mwenye kiwanda cha nguo za sufu, ndiye aliyemsaidia zaidi hadi uzalishaji ulipoanza.

Jinsi vulkanizesheni inavyofanya kazi

Goodyear hakujua kwa nini njia yake ilifaa, na katika maisha yake hakuna aliyeweza kumweleza. Mpira mbichi ni molekuli ndefu sana zilizolala pamoja kama tambi ndani ya sufuria. Zikipata joto huteleza na kuachana, na ndiyo maana mpira mbichi huyeyuka. Salfa ikipikwa nao hujenga madaraja kati ya molekuli hizo, zikawa wavu mmoja. Wavu unaweza kuvutwa ukarudi kwenye umbo lake, lakini hauwezi tena kumwagika. Salfa ikiwa kidogo mpira huwa laini na wa kunyumbuka. Ikiwa nyingi sana huwa mgumu kama mbao, aina inayoitwa eboniti, ambayo ndugu yake Nelson Goodyear alipata hataza yake mwaka 1851.

Badiliko hilo haligeuzwi kirahisi. Chuma au glasi iliyochakaa huyeyushwa na kufinyangwa upya. Mpira uliopikwa na salfa ukipashwa moto hauyeyuki, bali huungua. Sifa iliyowaokoa wenye viwanda mwaka 1844 ndiyo iliyozaa milima ya matairi chakavu ya karne ya 20.

Hataza na kesi

Hataza ya Marekani namba 3633 ilitolewa tarehe 15 Juni 1844. Mchanganyiko ulioandikwa humo ni sehemu 25 za mpira, 5 za salfa na 7 za risasi nyeupe. Goodyear alishika kemikali hizo kwa mikono kwa miaka mingi, na inawezekana kabisa kwamba risasi ilichangia maradhi yaliyomfanya atembee kwa magongo baadaye.

Kuchelewa kwake kulimgharimu Uingereza. Vipande vya mpira wake vilikuwa vimepelekwa huko ili kutafuta wanunuzi, na baadhi vilifika mikononi mwa Thomas Hancock, mtaalamu wa mpira aliyeshirikiana na Macintosh. Hancock aliona dalili za salfa, akafanya majaribio yake mwenyewe, na akawasilisha ombi la hataza Novemba 1843, wiki chache kabla ya Goodyear kuwasilisha lake Januari 1844. Neno vulkanizesheni lenyewe lilitoka kwa William Brockedon, rafiki wa Hancock, kutokana na Vulcan, mungu wa moto wa Waroma wa kale. Goodyear aliipinga hataza ya Hancock mahakamani, na mwaka 1855 alishindwa. Wanahistoria bado hawakubaliani kama Hancock aliiba au aligundua upya, lakini ni wazi kwamba asingejua atafute nini kama asingeviona vile vipande.

Marekani nako wengi walitumia njia yake bila kulipa. Aliyekuwa maarufu kati yao alikuwa Horace Day, mwenye kiwanda cha New Jersey. Kesi yao ilisikilizwa mjini Trenton mwaka 1852. Goodyear, au tuseme wenye viwanda vya viatu waliokuwa na leseni yake, walimwajiri Daniel Webster, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani na wakili mashuhuri kuliko wote nchini. Malipo yake yalikuwa dola 15,000. Webster aliieleza mahakama kuhusu joho na kofia ya mpira wa zamani alizopewa zawadi: wakati wa baridi joho lilisimama lenyewe, akaliweka barazani na kofia juu yake, na wapita njia wakalisalimia wakidhani ni yeye. Mahakama ilimpa Goodyear ushindi, na Webster alikufa mwezi mmoja baada ya hukumu.

Ushindi haukumtajirisha. Alikuwa ametoa leseni kwa bei ndogo mno, kwa mfano nusu senti kwa jozi ya viatu, na kila alichopata alikirudisha kwenye majaribio mapya. Alitaka kila kitu kitengenezwe kwa mpira: matanga ya meli, noti za fedha, ala za muziki, fremu za picha. Baadhi ya nakala za kitabu chake kuhusu mpira, kilichotolewa katika miaka ya 1853 hadi 1855, zilichapwa juu ya mpira wenyewe.

Ulaya na miaka ya mwisho

Kwenye Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 Goodyear alitumia karibu dola 30,000 kujenga vyumba ambamo kuta, samani na mapambo yote yalikuwa ya mpira. Clarissa alikufa Uingereza mwaka 1853, na mwaka uliofuata Goodyear alimwoa Fanny Wardell huko London. Mwaka 1855 alifanya maonyesho makubwa zaidi Paris. Napoleon III alimpa nishani ya Legion of Honour, lakini hataza yake ya Ufaransa ilibatilishwa kwa sababu viatu vilivyotengenezwa Marekani vilikuwa vimeuzwa huko kabla. Mapato yakakatika, wadai wakaja, na mwezi Desemba alifungwa katika gereza la wadeni la Clichy. Nishani ilimfikia akiwa humo.

Alirudi Marekani akiwa mgonjwa. Mwaka 1858 hataza yake iliongezwa muda wa miaka 7. Mwaka 1860 alipata habari kwamba binti yake Cynthia alikuwa mahututi huko New Haven, akasafiri kutoka Washington. Alipofika New York aliambiwa kwamba binti amekwisha kufa. Alianguka, akapelekwa kwenye hoteli ya Fifth Avenue, na huko akafa tarehe 1 Julai. Madeni yake yalikadiriwa kuwa dola 200,000 hivi. Alizikwa kwenye makaburi ya Grove Street, New Haven. Mwanawe Charles mdogo alijulikana baadaye kwa mashine za kushona viatu.

Jina lake kwenye matairi

Goodyear hakuwahi kuona gari la injini. Hata tairi la kujazwa hewa lilibuniwa bila yeye: Mskoti Robert William Thomson alipata hataza yake mwaka 1845, lakini halikupata soko, na mwaka 1888 daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alilibuni upya huko Belfast kwa ajili ya baiskeli. Mwaka 1895 ndugu wawili wa familia ya Michelin waliweka matairi ya hewa kwenye gari katika mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris. Frank Seiberling alipoanzisha kampuni ya matairi mjini Akron, Ohio, mwaka 1898 aliiita Goodyear kwa heshima ya mvumbuzi.

Mahitaji ya matairi yalibadilisha maisha ya watu mbali sana na Akron. Katika Dola Huru la Kongo, mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kugema mipira ya porini, na walioshindwa kutimiza kiasi walichopangiwa waliuawa, walikatwa mikono au walichukuliwa wake zao. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani walowezi walipanda mashamba ya mpira katika eneo la Tanga; mashamba hayo yaliporomoka mwaka 1913, bei iliposhuka kwa ajili ya mpira wa Malaya na visiwa vya Asia.

Tairi lililochakaa

Mpira uliopikwa hudumu, lakini si milele. Uso wa tairi hulika barabarani hadi mifereji yake inapotea, na tairi likiwa kipara halina pa kupitisha maji wakati wa mvua; gari huelea juu ya maji na breki hazishiki. Nchi nyingi zimeweka kiwango. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza mifereji ya gari dogo haitakiwi kuwa chini ya milimita 1.6, na nchini Uingereza dereva anaweza kutozwa hadi pauni 2,500 kwa kila tairi lisilotimiza sharti hilo, hata kama ajali haijatokea. Matairi ya kisasa yana vinundu vidogo ndani ya mifereji: uso ukishalingana navyo, tairi limekwisha.

Ugumu zaidi uko kwenye uzee usioonekana. Oksijeni, ozoni, jua na joto huendelea kuushambulia ule wavu wa salfa hata tairi likiwa limehifadhiwa stoo. Mpira hukauka, hupata nyufa ndogo ubavuni, na tabaka za ndani huanza kuachana. Mwezi Septemba 2012 basi lililobeba vijana kutoka tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele karibu na Hindhead, kusini mwa Uingereza, na watu 3 wakafa. Tairi lilikuwa na umri wa miaka 19. Mifereji yake ilikuwa bado na kina cha kutosha, kwa hiyo halikuvunja sheria ya wakati huo, ambayo ilipima kina tu na haikuuliza umri. Baada ya kampeni ndefu ya mama wa mmoja wa waliokufa, Uingereza ilipiga marufuku mwaka 2021 matairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya mabasi na malori.

Umri wa tairi husomwa ubavuni. Tangu mwaka 2000 namba 4 za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linalong'aa kwa rangi nyeusi linaweza kuwa na namba inayosema mambo tofauti na rangi yake.

Baada ya kuvuliwa, tairi hubaki kuwa tatizo. Likitupwa ovyo hushika maji ya mvua na kuwa makazi ya mbu wa jenasi Aedes wanaoeneza dengi. Likiwaka moto ni vigumu kulizima: mwaka 1990 lundo la matairi milioni 14 huko Hagersville, Kanada, liliwaka kwa siku 17, likitoa moshi wenye sumu na mafuta yaliyoingia ardhini. Mnamo miaka ya 1970 zaidi ya matairi milioni 2 yalizamishwa nje ya pwani ya Fort Lauderdale, Florida, kwa matumaini kwamba yatakuwa mwamba wa samaki. Kampuni ya Goodyear ilishiriki kwa kudondosha tairi lililopakwa rangi ya dhahabu kutoka kwenye puto lake maarufu. Matumbawe hayakuota, vifungo vilikatika, na matairi yalianza kusukumwa na mawimbi yakiharibu matumbawe ya asili yaliyokuwa karibu. Tangu mwaka 2007 wapiga mbizi wamekuwa wakiyatoa.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kufukia matairi mazima jalalani kuanzia 2003, na yaliyokatwakatwa kuanzia 2006. Sehemu kubwa sasa huchomwa katika matanuri ya saruji yenye joto kali, au husagwa kuwa chembe za kutandika viwanja vya michezo na kuchanganya na lami. Kuna pia kuvika upya, yaani kubandika uso mpya kwenye mwili wa tairi ambao bado ni mzima, jambo la kawaida kwa malori na ndege.

Katika Afrika ya Mashariki mafundi hukata matairi yaliyokwisha kuwa viatu, vinavyoitwa akala nchini Kenya na vinavyovaliwa sana na Wamaasai, pamoja na ndoo za kuchotea maji kisimani na kamba za kufungia mizigo. Na pale fundi wa pancha anapobana kiraka kwenye mpira wa ndani na kukipasha moto mpaka kishikane nao, anafanya ileile kazi iliyoanzia kwenye jiko la Woburn: mpira, salfa na joto lililokomeshwa kwa wakati.